Simba, twiga, swala na kasuku

Karibu kila shirika kubwa la ndege lililowahi kuwabeba watu wa Kanda ya Ziwa lilikuja na mnyama wake. East African Airways lilikuwa na simba. Air Tanzania likaja na twiga. Precision Air likachagua swala. Fastjet, aliyechelewa kufika na kuwahi kuondoka, alikuja na kasuku wa kijivu. Simba alikufa pamoja na jumuiya iliyommiliki. Twiga ameanguka na kuinuliwa mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha kuhesabu. Swala anachechemea. Kasuku aliimba miaka sita, akanyamaza wiki ya kabla ya Krismasi.

Msafara huu wa wanyama unashangaza kwa sababu ya mahali ulipopita. Kuanzia Mwadui ya almasi, ukashuka Kahama kwenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ukapanda Geita na kuishia Chato, unatembea juu ya ardhi ambayo dhahabu yake ndiyo sehemu kubwa ya ile inayoliingizia taifa zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Mahali pengine duniani, utajiri wa namna hii ndio uliolea ndege. Iweje ukanda huu ushindwe kulea shirika moja la ndege likakua na kuzeeka kwa heshima?

Vijiweni kuna majibu mawili. La kwanza ni kwamba Msukuma hapandi ndege. Fedha yake ni ng'ombe, na safari yake ni basi. La pili ni kwamba wakubwa walikula. Jibu la kwanza lilikanushwa hadharani mwaka 2012, kama tutakavyoona. La pili lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini kampuni binafsi, zenye wenye mali wanaolinda kila senti, nazo zilianguka pale pale lilipoanguka shirika la umma. Mimi naona tatizo liko kwenye sarafu. Ndege hununuliwa, hukodiwa, hutengenezwa na kujazwa mafuta kwa dola, ilhali abiria wa Mwanza na Shinyanga hulipa kwa shilingi. Wale wachache wa huku ambao fedha yao ni dola, yaani migodi, wana ndege zao na viwanja vyao.

Tuanze na kasuku, maana hesabu yake ndiyo iliyo wazi kuliko zote.

Tarehe 29 Novemba 2012, fastjet ilianza safari kutoka Dar es Salaam kwenda miji miwili tu: Kilimanjaro na Mwanza. Iliingilia mlango wa Fly540, kampuni iliyokuwa mikononi mwa Lonrho, na wazo lake lilitoka Ulaya kwenye ukoo wa easyJet ya Stelios Haji-Ioannou. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Jaza ndege, punguza mbwembwe, mwenye njaa anunue chakula chake, mwenye mzigo aulipie. Nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa Sh 32,000 kabla ya kodi na tozo.

Asiyekuwa Mwanza wakati ule hawezi kujua bei hiyo ilileta kishindo gani. Mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kukimbia usiku kucha. Aliyeondoka Dar alfajiri aliingia Mwanza usiku mnene akiwa na miguu iliyovimba, na gari likiharibika Singida, aliingia kesho yake. Ghafla safari hiyo ikawa ya saa moja na nusu. Wauza dagaa wa Kirumba, mabroka wa dhahabu wa Katoro, walimu wanaofuatilia madai yao, bibi anayekwenda kumwona mjukuu Tabata, wote wakaonekana kwenye foleni ya ukaguzi, wengine na sato wao kwenye boksi. Kampuni ilijigamba kwamba zaidi ya theluthi moja ya abiria wake walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Miaka miwili tu tangu ianze, ikatimiza abiria milioni 1. Hapo ndipo hadithi ya Msukuma asiyepanda ndege ilipokufa.

Sasa tushike kalamu. Airbus A319 ya fastjet ilikuwa na viti 156. Tuseme viti vyote vimejaa, na kila mtu amelipa ile Sh 32,000. Jumla haifiki Sh milioni 5. Kwa kiwango cha wakati ule, dola moja ikiwa kama Sh 1,580, hiyo ni takriban dola 3,160. Ndege ya aina hiyo hunywa karibu tani 3 za mafuta kutoka Dar hadi Mwanza, na mwishoni mwa 2012 tani moja ilikuwa ikiuzwa kwenye soko la dunia kwa kama dola 1,000. Yaani nauli ya ndege iliyojaa pomoni iliishia kwenye tangi. Bado hujamlipa rubani, hujalipa kodi ya ndege kwa mwenye nayo, hujalipia kutua, kuongozwa angani, bima wala matengenezo. Na mafuta yanayojazwa Mwanza hayauzwi kwa bei ya Dar, kwa kuwa lazima yasafirishwe nchi kavu zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika.

Ni kweli, si kila abiria alilipa bei ya chini. Ufundi wa nauli nafuu uko hapo: wa mapema alipe kidogo, wa dakika za mwisho alipe mara tano, na wa pili ambebe wa kwanza. Lakini ufundi huo unahitaji mambo ambayo Ulaya yapo na kwetu hayakuwepo. Unahitaji watu wengi wanaolazimika kusafiri kesho asubuhi na ambao hawajali bei. Ndege nayo iwe angani saa kumi na moja au kumi na mbili kwa siku, maana ikiwa imeegeshwa kodi yake inazidi kuhesabika. Hapa kwetu viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa, kwa hiyo jua likizama biashara imefungwa. Airbus haikuweza kutua Shinyanga, Bukoba wala Musoma. Ilibaki kurudia njia zile zile chache, ambazo kila mshindani alizitaka.

Kisha shilingi ikaanza kuteremka. Kufikia mwisho wa 2018, dola moja ilikuwa karibu Sh 2,300. Zile Sh 32,000, zilizokuwa dola 20 siku ya uzinduzi, sasa zilikuwa hazifiki dola 14. Mmarekani au Mwairishi aliyekodisha ndege yake hakujali. Yeye alisaini dola, analipwa dola. Kampuni ikajaribu kila njia. Ikabadili uongozi mwaka 2016, ikahamisha ofisi kuu kutoka Gatwick, Uingereza, kwenda Johannesburg, ikarudisha zile Airbus na kuleta Embraer ndogo za viti kama 100, na mwaka wa mwisho ikaleta hata ATR za mapanga.

Dhahabu nayo ikatikisika wakati huo huo. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na mwezi Septemba Acacia, mwenye mgodi, ikapunguza shughuli Bulyanhulu. Watu wakapoteza kazi, wakandarasi wakafunga virago, na Kahama ikapoa. Serikali ya awamu ya tano ilikuwa tayari imekaza mkanda wa safari na semina za watumishi. Huyo mtumishi mwenye posho, anayenunua tiketi leo asafiri kesho bila kuuliza bei, ndiye aliyekuwa mbebaji wa wale wa Sh 32,000. Alipopungua, na aliyebaki akahimizwa kupanda ndege za Serikali, mzani ukalala upande mmoja.

Novemba 2018 hisa za wawekezaji wa nje zikaenda kwa Lawrence Masha, mbunge wa zamani wa Nyamagana na waziri wa zamani wa mambo ya ndani. Kwa mara ya kwanza kasuku akawa mali ya mtu wa Mwanza. Hakudumu naye mwezi mzima angani. Tarehe 17 Desemba, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni. Madeni yalikuwa yamelimbikizana na ndege za kurusha hazipo. Siku nane zilibaki kufika Krismasi. Watu walikuwa wameshakata tiketi za kurudi nyumbani kuona wazazi. Walirudi Ubungo, wakapanga foleni ya basi pamoja na wale waliokuwa wamewaaga.

Simulizi ya swala ni ndefu na ya huzuni ya polepole zaidi. Michael Shirima aliwahi kufanya kazi East African Airways na baadaye Air Tanzania, wakati huo ikiitwa ATC, akatoka kwenda kwenye biashara ya kahawa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaanza kurusha ndege ndogo kutoka Arusha. Aliijua biashara hii kuanzia jikoni. Hakukimbilia ndege kubwa. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49, na mwaka 2006 Precision ikaagiza ATR mpya saba kwa dola milioni 129. Kwa jiografia yetu ATR ndiyo ndege yenyewe. Ina viti 48 au 70, injini za mapanga, haichagui sana njia ya kutua. Ndiyo maana swala ndiye aliyewahi kutua Ibadakuli, Shinyanga, kwa ratiba, wakati njia ya kurukia ilikuwa bado ya changarawe. Hata Kahama alifika, kupitia uwanja uliojengwa na mgodi wa Buzwagi.

Kosa, kama tutaliita kosa, lilikuwa lile lile la sarafu. Dola milioni 129 ni deni, na deni la dola halisikilizi hali ya mvua Usukumani. Mwaka 2011 Precision ilikwenda kwa wananchi, ikauza hisa kwa Sh 475, ikitarajia Sh bilioni 28. Ikapata kama bilioni 12. Yaani ilikwenda vitani na chini ya nusu ya risasi. Mwaka mmoja baadaye kasuku akaingia Mwanza na bei yake ya 32,000, na swala, ambaye Mwanza ndiyo ilikuwa njia yake nono, akalazimika kushusha nauli bila kuwa na viti 156 vya kuifidia. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 2013 zilionyesha hasara ya takriban Sh bilioni 30. Boeing zake zikarudishwa. Vituo vidogo vikafutwa kimoja kimoja, na Shinyanga haikuwa ya mwisho.

Kwa hiyo ile nauli tuliyoishangilia ilimuua aliyeileta na kumjeruhi aliyekuwepo kabla yake. Sisemi abiria alikosea kuifurahia. Ningekuwa na Sh 32,000 siku ile na mimi ningepanda.

Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ATR ya Precision iliingia ziwani hatua chache kabla ya uwanja na kuua watu 19 kati ya 43, haikuwa chanzo cha unyonge wa shirika hilo. Ilimkuta swala akiwa amekwisha kukonda. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, jambo linaloeleza hali ya viwanja vyetu vya mikoani kuliko ripoti yoyote. Shirima alifariki Juni 2023. Ndege zake bado zinaruka.

Twiga nitampitia haraka, kwa kuwa habari zake kila mtu anazo. East African Airways, iliyoanza tarehe 1 Januari 1946, ilivunjika mwanzoni mwa 1977 kwa ugomvi wa nani alipe deni na nani abebe njia zisizolipa. Njia nyingi zisizolipa zilikuwa za ndani ya Tanzania, za kwetu huku. ATC ikaanzishwa Machi 1977 na kurithi njia hizo pamoja na hasara yake. Februari 1982 Boeing yake iliyotoka Mwanza kwenda Dar ilitekwa na kupelekwa hadi Stansted, Uingereza, na hiyo ikawa safari ndefu mno kuanzia Mwanza, ambayo abiria wa kawaida hawakuiomba. Baadaye zikaja ndoa: Alliance Air na Waganda na Waafrika Kusini, halafu ndoa ya moja kwa moja na South African Airways, iliyochukua asilimia 49 mwaka 2002 na kuachana nasi 2006. Desemba 2008 TCAA ilisimamisha cheti chake. Machi 2010 Boeing 737 yake iliteleza kwenye njia ya Mwanza na haikuruka tena. Kuna wakati shirika la taifa lote lilikuwa ndege moja ya viti 50.

Halafu akaja Rais John Magufuli, mtoto wa Chato. Septemba 2016 zilitua bombadia mbili, na kufikia 2018 zikafuatwa na Dreamliner na Airbus A220. Wengi tulitoka kwenda kuzipokea. Bombadia zilikuwa chaguo zuri: viti 76, mapanga, zinafaa Bukoba, Kigoma, Tabora. Ndege kubwa zilikuwa jambo jingine. Mwaka 2022 injini za A220 zikaanza kugoma, kama zilivyogoma duniani kote, na ndege mpya zikaegeshwa zikisubiri vipuri huku gharama zikiendelea. Mkaguzi Mkuu aliripoti hasara ya Sh bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka uliofuata. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaizuia Air Tanzania kuingia anga lake, na Juni 2025 ukazuia mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Hakuna hata moja kati ya haya linalohusu abiria wa Shinyanga, isipokuwa kwamba yeye ni mlipa kodi, na hasara ni yake.

Turudi kwenye ardhi, maana jambo ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha liko huko.

Ukitazama ukanda wa dhahabu ukiwa juu, utaona mistari iliyonyooka karibu na kila shimo kubwa. Mwadui ina uwanja wake. Bulyanhulu, uliofunguliwa 2001, una wake. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa 2000, una wake. Buzwagi, uliofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021, ulijenga wake. Wataalamu, mameneja, wakaguzi na wageni wa migodi hufika kwa ndege za kukodi na kuondoka kwa ndege za kukodi. Mgodi haufanyi kosa. Unataka zamu ibadilike saa iliyopangwa, na dhahabu isilale njiani. Lakini tazama matokeo yake kwa shirika la ndege. Abiria anayelipiwa kwa dola, anayesafiri kila baada ya wiki kadhaa mvua inyeshe jua liwake, mwaka mzima, ndiye ambaye kila shirika duniani humtafuta kwa tochi. Kwetu ameondolewa sokoni kabla soko halijafunguliwa. Yanayobaki kwa mashirika ya ratiba ni maziwa yaliyoenguliwa siagi.

Wa pili kwa ubora ni mchimbaji na mnunuzi wa dhahabu wa kati. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, na mengine yakafuata, fedha halali inazunguka Katoro, Nyarugusu na Kahama kwa wingi ambao zamani ulijificha. Watu hawa wanapanda ndege. Lakini wanapandia Mwanza. Kwa miaka yote, safari ya kutoka Geita kwenda uwanja wa Mwanza ilikuwa na kivuko katikati, na foleni ya Busisi iliweza kukula saa mbili kabla hujaona maji. Ukijumlisha kuamka usiku, foleni, na kusubiri ndege iliyochelewa, basi la moja kwa moja lilikuwa halijashindwa kwa mbali.

Jibu la Serikali lilikuwa kujenga uwanja, na uwanja wa Geita ukajengwa Chato. Njia yake ina kilomita 3, inatosha ndege kubwa, na mwanzoni mwa 2021 Air Tanzania, ambayo sasa ni ATCL, ikaanza kutua. Sina ugomvi na Chato kupata uwanja. Nina ugomvi na kuuita jibu la Geita, ilhali mwenye duara la dhahabu Nyarugusu anapaswa kusafiri kuelekea magharibi, aipe Dar kisogo, ndipo apande ndege ya kurudi mashariki. Kisha tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji. Pale palipokula saa mbili sasa ni dakika chache. Kwa maoni yangu siku hiyo ndiyo swali la uwanja wa Geita lilipojibiwa: uwanja wa Geita ni Mwanza.

Shinyanga ni hesabu nyingine. Kutoka mjini hadi Mwanza ni kilomita 160 na ushei za lami nzuri. Ibadakuli imekuwa ikijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na Kigoma, Tabora na Sumbawanga, ujenzi uliosuasua miaka mingi huku mbuzi wakiwa watumiaji waaminifu wa njia ile. Lami ikikamilika ni jambo jema. Lakini lami haijawahi kuwa ndiyo iliyokosekana. Swala alitua kwenye changarawe akaondoka, na hakuondoka kwa sababu ya vumbi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kukimbia usiku, na reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, inajengwa ikipita humu humu. Shirika litakalokuja Ibadakuli na ndege ya viti 70 litakuta washindani ambao swala hakuwa nao.

Likitegemea abiria wa mjini peke yake, litaondoka. Natamka hivyo bila kumumunya. Lakini kuna mlango mmoja ambao bado haujabishwa hodi. Tangu makubaliano yaliyozaa Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati ya Serikali na mwekezaji wa migodi, Serikali ina asilimia 16 katika Bulyanhulu. Serikali hiyo hiyo inamiliki ATCL yote. Inakaa pande mbili za meza: upande mmoja inakodi ndege kupitia mgodi, upande wa pili inatafuta abiria kupitia shirika. Bombadia moja inayotua Ibadakuli au Kahama mara nne kwa wiki, mgodi ukiwa umenunua viti 25 vya kila safari kwa mkataba wa mwaka na kulipa kwa dola, ina uhakika wa theluthi ya viti vyake kabla tiketi ya kwanza haijauzwa dirishani. Viti 51 vinavyobaki vinaweza kuuzwa kwa shilingi kwa bei ambayo mwalimu wa Kishapu ataiweza, bila kumwua anayeiuza.

Migodi itauliza usalama, na ina haki ya kuuliza, hasa baada ya uamuzi wa Ulaya. Itauliza pia kama ndege itaondoka saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hapo ATCL ndiyo yenye kujibu.

Wabunge wa Shinyanga na Geita wamekuwa wakisimama bungeni kudai viwanja. Tunawashukuru. Sasa waombe kuonyeshwa ratiba, aina ya ndege, na mkataba wa viti, na waombe kabla utepe wa Ibadakuli haujakatwa.